Mkalimani wa Chumba cha Kumi na Nne Anastaafu

Leo, mwishoni mwa Machi 2024, Bi Primitiva Dumlao anastaafu rasmi baada ya kuitumikia tamthilia ya televisheni ya kesi za mahakamani, Chumba cha Kumi na Nne, kwa miaka thelathini na mmoja. Wapo wakubwa wa kituo, kule ghorofa ya tisa, wanaohesabu ishirini na mitano tu, tutafika huko. Jina hilo refu hutumiwa na benki na padri wa parokia yake. Sisi wa Studio ya Tatu, kuanzia wapishi hadi mastaa wa kuja na kuondoka, tunamwita Ate Tiva, dada mkubwa Tiva, na hata wanaomzidi umri humwita hivyo hivyo.

Alianza mwaka 1993. Kabla ya hapo alikuwa akiuza tiketi kwenye sinema moja ya Cubao iliyofungwa baada ya paa lake kuvuja mwaka mzima. Aliletwa studio kuketi kwenye mabenchi ya wasikilizaji wa kesi, kazi isiyodai kitu zaidi ya kukaa kimya na kushtuka unapoambiwa ushtuke. Muda si mrefu mwigizaji wa kwanza wa nafasi ya mkalimani aliolewa na baharia akahamia Guam, na mwongozaji wa wakati huo akageukia mabenchi akauliza nani ana sauti. Ate Tiva akasema yeye anayo. Alipoulizwa kama anajua Kiingereza, alijibu kuwa anajua cha kwenye filamu, na hicho ndicho kilichokuwa kinatakiwa.

Kazi ya mkalimani wa mahakama katika nchi yetu ni ya ajabu kidogo ukiitazama kwa makini. Kesi huendeshwa kwa Kiingereza. Shahidi hujibu kwa Kitagalogi, lugha ya Kifilipino ambayo hakimu, mawakili na askari wa mlangoni wote wamenyonya na maziwa ya mama zao. Hata hivyo jibu halihesabiki mpaka mkalimani aliseme upya kwa Kiingereza. Tamthilia yetu iliipenda desturi hiyo ikaifanya nembo yake. Kila Alhamisi, mwishoni mwa kipindi, hakimu husoma hukumu kwa Kiingereza mstari kwa mstari, na mkalimani humwambia mshindi na mshindwa kwa lugha yao. Kwa hiyo mama aliyeketi nyumbani na sahani ya wali huisikia haki kwa sauti ya Ate Tiva.

Nchi imepita mbele yake kipande kwa kipande. Amewatafsiria wajane wa vijana waliopigwa risasi wakiwa usingizini. Amezitafsiria familia zilizobomolewa vibanda kando ya mifereji, na meya aliyemrithisha mkewe umeya, mke akamrithisha mwana, na mwana akashangaa kuulizwa. Amewatafsiria wanawake wanaotaka kuachana na waume zao katika nchi isiyo na talaka, ambao hulazimika kuthibitisha kwamba ndoa haikuwapo tangu mwanzo, huku watoto wanne wa ndoa hiyo wameketi benchi la nyuma. Watu wa ghorofa ya tisa hawakuwa na tatizo na maudhui hayo, mradi mbaya wa kesi awe mtu asiyetangaza bidhaa kwenye kituo chetu.

Yeye mwenyewe hakujikweza. “Mimi ndiye mtu pekee hapa nchini anayerudia maneno ya wakubwa mchana kutwa na haitwi kasuku,” alikuwa akituambia akifunga nywele zake fundo kisogoni. Fundo hilo likawa maarufu kuliko sura za mawakili wetu wote.

Watazamaji hawakujua mpaka wa kazi yake, na pengine hata yeye. Muuza samaki mmoja wa soko la Kamuning alimburuta hadi hospitali akamsaidie kuongea na daktari. Ate Tiva akasimama kando ya kitanda, mikono nyuma, akasema, “Daktari, shahidi anasema tumbo linamsokota tangu Jumanne.”

“Nimemsikia, Ate, si yuko hapa?” akasema daktari, kijana wa Bulacan, Mtagalogi mwenzao.

“Najua umemsikia. Lakini bado halijaingia kwenye kumbukumbu.”

Daktari akaandika. Muuza samaki yule alipona, na mpaka leo Ate Tiva hanunui kibua kwa bei ya watu wengine.

Tukitoka kurekodi nje, desturi yetu, kama ya maharusi wa mji huu, ni kuwapelekea mayai masista wa Mtakatifu Klara ili mvua isinyeshe. Kazi hiyo ilikuwa ya Ate Tiva. Mara moja tu alimtuma Kuya Berting, yaani kaka mkubwa Berting, fundi wetu wa taa, ambaye asubuhi hiyo alikuwa hajatia kitu tumboni, na mayai yakaishia kwenye kikaango pamoja na wali wa vitunguu saumu. Mvua ilipiga siku tatu mfululizo. Vibanda tulivyovijenga ili vibomolewe mbele ya kamera vilibomoka vyenyewe kabla kamera haijawashwa. Kuanzia hapo Kuya Berting alipigwa marufuku kushika yai, hata la kwake.

Na kuna siku ya Mang Hermo kantini. Mzee Hermogenes Saludo alikuwa hakimu wetu tangu kipindi cha kwanza, na watu wengi wanaoketi kwenye mabenchi ya studio wanatoka mtaa wa nyuma ya kituo, ambao nusu yake imewahi kuburutwa mahakamani kweli kwa ajili ya viwanja. Mzee aliingia kantini akiwa bado na joho, anatafuta chumvi. Kantini nzima ikasimama, sahani mkononi. Hakuna aliyeketi mpaka Ate Tiva alipotangaza kuwa mheshimiwa anasema endeleeni kula.

Hapa inabidi kusema jambo ambalo wasifu wa kawaida huliruka. Kwa sheria yetu, mtu akitimiza miezi sita kazini anakuwa mwajiriwa wa kudumu, na ndiyo maana mikataba mingi ya nchi hii huisha ikitimiza miezi mitano. Wa Ate Tiva ulikuwa hivyo. Wa Kuya Berting hivyo, na wa mwandishi huyu, ambaye hushika kipaza sauti, hivyo hivyo. Karatasini hatukuitwa wafanyakazi bali “vipaji”. Mkataba uliisha, tukakaa nyumbani wiki moja, simu ikalia, tukasaini mwingine. Ukiugua ni shauri lako.

Wala hakuna mtu wa seti aliyestaafu. Mtu alizeeka, magoti yakaanza kumsumbua, halafu simu ikaacha kulia. Tuliwapoteza hivyo mshonaji wa majoho, seremala wa kizimba na mama wa vipodozi, na hatukujua siku yao ya mwisho ilikuwa ipi, kwa sababu wao wenyewe hawakuijua. Ate Tiva alikuwa na woga mmoja tu maishani, na hakuuficha. “Umaskini nimeuzoea,” alisema. “Ninachokiogopa ni kukaa sebuleni naitazama simu.”

Mwezi Juni 2011 waandishi walileta kesi ya Jovelyn, muuzaji wa duka kubwa la nguo, aliyefanya kazi miaka mingi kwa mikataba ya miezi mitano mitano, akaachishwa alipopata mimba. Hakuna aliyeiandika kwa hila. Ilikuwa tu zamu ya maudhui ya kazi, maana wiki iliyotangulia ilikuwa zamu ya maji machafu. Kama kawaida yetu, tulirekodi Alhamisi asubuhi kitakachorushwa Alhamisi jioni.

Mang Hermo akasoma hukumu. Ate Tiva akamgeukia Jovelyn na kumwambia: “Mahakama inasema, mtu anayefanya kazi ambayo biashara haiwezi kwenda bila hiyo, mwaka nenda mwaka rudi, ni mfanyakazi wa biashara hiyo, hata karatasi iseme nini.” Alikuwa ameyasoma maneno hayo jana yake kama anavyosoma mengine yote. Mbele ya taa yalimtoka kwa sauti ambayo kipaza sauti changu hakikuwahi kuipokea kwake.

Makofi yalianzia juu. Alikuwa Kuya Berting, kwenye ngazi yake. Wakafuata wabeba nyaya, akina mama wa vipodozi, kisha wapishi waliokuwa wakichungulia mlangoni na miiko yao. Direk Chona, mwongozaji wetu, akaita “Kata!” mara kadhaa, lakini makofi hayakukatika. Nilikuwa nimeshika mti wa kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa hiyo sikuweza kupiga, nililia tu.

Kabla ya chakula cha mchana aliteremka Bibi Monserrat wa ghorofa ya tisa, ambaye huonekana studio siku za Krismasi, akiwa na ukurasa mpya. Katika ukurasa huo Jovelyn anaiondoa kesi, mwenye duka anamkumbatia na kumrudisha kazini kwa huruma zake, na hakimu anampongeza.

“Hukumu ile ni kali mno,” alisema. “Wenye maduka ndio wanaotulisha.”

“Wiki mbili zilizopita tulimfunga meya, Ma’am,” akasema Direk Chona.

“Meya hauzi sabuni.”

Tukarekodi upya. Mang Hermo akasoma kwamba mahakama inaupongeza ukarimu wa mwajiri. Ikawa zamu ya Ate Tiva. Akasema, “Naomba mheshimiwa arudie.”

Wasomaji waliowahi kuingia mahakamani wanajua kuwa hiyo ni haki ya mkalimani. Mang Hermo akarudia. Ate Tiva akaomba tena arudie. Direk Chona akasimamisha kamera.

“Ate, umesahau maneno?”

“Sijasahau, Direk. Sijaelewa. Mkalimani hatafsiri asichokielewa.”

“Huelewi nini sasa?”

“Huo ukarimu. Mwajiri amempa nini? Amempa kazi yake mwenyewe.”

Bibi Monserrat akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba wapo wengi wenye sauti katika mji huu. Ate Tiva akasema ni kweli, tena wengine wana sauti nzuri. Tukaanza tena. Mang Hermo akasoma. “Naomba mheshimiwa arudie,” akasema Ate Tiva.

Mzee akavua miwani. “Hata mimi sijaelewa,” akasema, akaenda kulala chumbani kwake, na hakimu wa miaka kumi na minane kazini huwezi kumwamsha kwa nguvu. Jioni ikafika, kanda ikadaiwa, na hukumu kamili iliyokuwapo ilikuwa moja tu, ile ya asubuhi. Ikarushwa na makofi yake. Nchi nzima ilidhani wanaopiga ni wasikilizaji wa kesi, na gazeti moja likasifu ubunifu wetu.

Mkataba wa Ate Tiva uliisha Julai, na simu haikulia. Haikulia pia kwa Kuya Berting, kwa mwandishi huyu, wala kwa wengine wa makofi yale. Katika tamthilia ilielezwa kuwa mkalimani amehamia Kanada kulea wazee, sababu ambayo mtazamaji yeyote wa Kifilipino huikubali bila swali. Watu walipiga simu kituoni kuulizia kama kazi kule zipo bado.

Hakwenda Kanada. Alifungua meza ya ndizi za kukaanga nje ya geti, mahali ambapo gari la Bibi Monserrat lazima lipunguze mwendo, na akafungua kesi kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi pamoja na kumi kati yetu. Hakudai kurudishwa kwa huruma. Alidai itamkwe kwamba yeye ni mfanyakazi wa kituo tangu siku ya kwanza. Kesi zetu huenda mwendo wa konokono: leo wakili mgonjwa, kesho kuna kimbunga. Kituo kilitoa fedha kwa yeyote atakayejiondoa, na wengi wakajiondoa. Hakuna wa kuwalaumu, maana watoto hawashibi msimamo. Tulibaki watatu: yeye, Kuya Berting na mwandishi huyu.

Wakili wa kituo, kijana mwenye suti inayombana, alidai kuwa Bi Dumlao si mfanyakazi bali msanii huru mwenye kipaji cha pekee.

“Mheshimiwa,” akasema Ate Tiva, “nimekaa pale tangu huyu kijana yuko shule ya msingi. Sijawahi kuambiwa nina kipaji. Nimesikia leo, tena kwa wakili wao.”

Msuluhishi alijizuia kucheka, akauliza kama kituo kilikuwa na mamlaka yoyote juu yake nje ya mkataba. Ate Tiva akafikiri. Kisha akafungua fundo la nywele, zikashuka hadi kiunoni, nyingine nyeupe.

“Sijaruhusiwa kuzikata tangu mwaka 1993,” alisema. “Nilipougua dengi kichwa kikiniwaka moto, niliomba. Wakakataa. Harusi ya binti yangu niliomba nizipunguze kidogo tu. Wakakataa.”

“Na ungezikata?”

“Wangetafuta kisogo kingine, mheshimiwa.”

Siku iliyofuata ya kesi alikuja Mang Hermo kutoa ushahidi. Alipoingia, watu wote waliokuwa wakisubiri kwenye mabenchi ya ofisi ile walisimama. Karani alisimama. Wakili wa kituo alisimama, akajishtukia, akaketi. Mzee hakusema mengi. “Mimi ndiye kipaji,” alisema. “Nikichelewa wananisubiri. Yeye akichelewa anakatwa malipo. Huyo ni mfanyakazi.”

Hukumu ya mwisho ilitoka mwaka 2017, baada ya rufaa zote. Ate Tiva na mwandishi huyu walitambuliwa kuwa waajiriwa wa kudumu tangu siku yao ya kwanza, na miaka sita ya nje ya geti ikahesabiwa kazini. Kuya Berting alishinda pia. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa figo, kwenye wodi ya watu wengi, na nakala ya hukumu aliipokea mkewe.

Kwenye tamthilia, mkalimani akarudi kutoka Kanada na maboksi ya chokoleti. Skripti ilimtaka Mang Hermo aulize safari ilikuwaje, naye ajibu kuwa ilikuwa njema. “Baridi, mheshimiwa,” akajibu yeye, “na kesi nyingi.” Direk Chona aliiacha hivyo hivyo. Likizo yake ya kwanza ya kulipwa, Ate Tiva aliitumia kwenda saluni akazikata nywele hadi masikioni, na waandishi wakahangaika wiki nzima kutafuta maelezo.

Tangu hukumu ile, wengi wa Studio ya Tatu wameingizwa kwenye ajira ya kudumu, wengine kwa hiari ya kituo, wengine baada ya kituo kukumbushwa. Si wote. Vijana wa kamera za nje bado wanasaini miezi mitano mitano, na kesi yao inasikilizwa mwezi ujao. Ate Tiva ameahidi kuhudhuria, na amesema meza ya ndizi bado ipo.

Kamati ya sherehe ilimwendea kumuuliza anataka zawadi gani, kwa sababu bajeti inaruhusu saa ya ukutani au feni. Alisema vyote anavyo.

“Niageni tu,” alisema. “Mchana, watu wote wapo, jina langu lisomwe. Na la Berting lisomwe kwanza. Yeye hakuna aliyemuaga.”

Basi, Kuya Berting, Norberto Olpindo wa taa, uliyeteremka kwenye ngazi yako siku moja ya mwaka 2011 bila kuambiwa kuwa hutaipanda tena: Studio ya Tatu inakushukuru, na inakuaga.

Na wewe, Ate Primitiva Dumlao, mfanyakazi wa kituo hiki kwa miaka thelathini na mmoja. Asante kwa sauti yako, na asante kwa siku uliyomwomba mheshimiwa arudie. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, wajukuu wasiokuachia nafasi ya kukaa, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Nenda salama. Leo ndiyo siku yako ya mwisho kazini, na wewe mwenyewe unaijua.